Jiko Lililofungwa Vizuri

Watu wanadhani kuhifadhi jiko la mkaa ni kulisukuma pembeni na kulifunika gunia. Watu hao hunikera mno, na hunikera zaidi kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa kwanza wa kuchoma mishikaki Johannesburg, 2015, baridi ilipoingia nilikwangua jivu la juu juu, nikalifunika jiko, nikaliegemeza kwenye ukuta wa uani kwetu Jeppestown, nikaenda zangu kutafuta kibarua cha ndani ya nyumba kama watu wengine wenye akili. Septemba nikalirudisha kwenye kona yangu karibu na stendi ya teksi. Mkaa ukashika vizuri, nikapanga mishikaki thelathini, wateja wawili wamesimama wanameza mate. Mara chini ya jiko pakasikika mlio kama mtu anakohoa, na tumbo lote la jiko likaachia. Mkaa na nyama vikamwagika juu ya lami. Mteja mmoja akaruka, "Eish, malume!", yaani mjomba, akipangusa suruali yake kama anayefukuza nyuki.

Fundi wa kuchomelea aliyekuwa amenitengenezea jiko lile, kwa nusu pipa na miguu minne ya bomba, alinicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka ndipo akanifundisha. Jivu likichanganyika na mafuta ya nyama, kisha likapata umande, linakula chuma. Na Johannesburg, ingawa baridi yake ni kavu kiasi cha kupasua midomo, alfajiri kuna sakitu, ukiamka unaiona nyeupe juu ya kila kitu kilicholala nje. Akanitengenezea tumbo jipya na kuniambia nisimrudie tena na kesi ya upuuzi.

Sikumrudia. Tangu mwaka ule kazi ya kulifunga jiko nimeifanya kwa siku tatu, na naifanya kwa hasira, kwa sababu ni kazi ya kuchosha, haina shukrani, na kila anayepita uani hujiona ana haki ya kushauri. Siku ya kwanza ni kuwasha moto mkali bila nyama ili mafuta yaliyoganda yaungue. Kisha kumwaga jivu lote, hata lile la pembeni linalojificha kwenye mshono. Siku ya pili ni brashi ya waya, msasa na kukohoa. Wavu wa kuchomea unalowekwa kwenye karai la maji ya moto yenye sabuni, unasuguliwa, unaanikwa juani. Siku ya tatu ni kupaka mafuta ya kupikia kila mahali, ndani na nje, kwa kitambaa. Halafu linakaa juu ya matofali lisiguse ardhi, linavishwa nailoni nene na kufungwa kamba. Ukiruka hatua moja, Septemba utachoma lami.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni 2019. Mwezi wa Ramadhani uliangukia mwanzo wa baridi, na biashara ilikuwa nzuri, maana watu wa kwetu wa pwani hawafuturu tende na uji peke yake. Mara tu baada ya Idi nikaanza kulifunga jiko. Mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake alikwisha wasili kutoka Tanga kuja kumlea arobaini. Alikuja kwa ndege, mara yake ya kwanza kupanda, na begi lililojaa pilipili manga, mafuta ya mbarika, udi, ubani na chetezo cha udongo. Chetezo kilifika vipande vitatu. Alivipanga juu ya meza, akavitazama, akasema, "Haya, mwenye jiko yupo."

Nilisikia, nikatoka zangu uani.

Inafaa nieleze mambo mawili, la sivyo mtaniona mwendawazimu. La kwanza ni la mzazi. Kwetu mwanamke aliyejifungua ni lazima akandwe kwa maji ya moto, anywe uji wa pilipili manga, na aote moto. Chini ya kitanda au kando yake huwekwa jiko dogo la mkaa uliokwisha kuiva, chumba kikapata joto, mifupa ikarudi. Mama mkwe alizaa watoto saba kwa utaratibu huo, na mama yake kabla yake. Lakini nyumba za kwetu zina uwazi kati ya ukuta na paa, upepo unaingia na kutoka utakavyo. Mkaa wa kwetu haujawahi kukutana na chumba cha Jeppestown chenye dari la mbao, kuta nene na mlango unaofungwa kwa kusukumwa na bega.

La pili ni kwamba mimi nilijua. Niliijua hatari hiyo tangu 2016. Mwaka huo nilitaka mwenyewe kuingiza makaa chumbani, nikiwa bado kapera na mwenye nyumba amekataza hita za umeme, kwa sababu ukiwasha moja jengo zima linazima. Jirani yangu, Mkongo anayelinda ghala usiku na kulala mchana, alinizuia mlangoni kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, makala haiingiake mu nyumba," aliniambia. "Tulipoteza mwenzetu mu kibanda ya geti. Alifunga mlango juu ya baridi. Haina moshi, haina harufu, unasinzia tu, ni kwisha." Maneno hayo sikuyasahau. Makaa yangu hayakuvuka kizingiti kamwe.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuja uani siku ya kwanza ya kazi yangu, nikiwa nimeinama na majivu mpaka kwenye nyusi, na kusema, "Hilo jiko usilifungefunge, mwanangu, mzazi ataota nini?", jibu lilikuwa moja na fupi. Mama, mkaa ndani ya chumba hiki unaua. Maneno sita, labda saba.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Anayemjua mkwe wa Kitanga anajua kwamba "ndiyo, mama" si ndiyo wala si hapana. Maana yake ni kwamba nimesikia na naondoka. Mama mkwe huwezi kumpinga usoni. Humtazami sana, huketi naye kitanda kimoja, hucheki kwa sauti akiwapo, na ukitaka kumwambia jambo unampitishia bintiye. Nilikulia katika adabu hiyo na ilinikaa mwilini. Ningeweza kubishana na polisi wa Johannesburg kuhusu kona yangu, na nilibishana nao sana, lakini mbele ya mwanamke yule mfupi mwenye kanga mbili nilikuwa nafyata mkia.

Nikaamua kutumia akili. Nikafungua nati na kuing'oa miguu yote minne, nikijua jiko lisilo na miguu halifai kitu. Mama mkwe akapita, akalizunguka, akafurahi.

"Afadhali," akasema. "Sasa litapita mlangoni."

Nikauficha wavu. Akauliza wavu wa nini, kwani yeye anachoma nyama? Nikatangaza, kwa sauti ya kumwambia mke wangu ili mama asikie, kwamba mkaa umekwisha mpaka Septemba, kisha gunia lililobaki nikalipeleka kwa yule jirani na kulisukuma chini ya kitanda chake. Kitanda hicho kilikuwa pia changu siku hizo. Mtoto alizaliwa siku ya nne baada ya Idi, wa kike, mzima, na tangu siku hiyo chumba chetu kikawa cha wanawake. Jirani alikuwa akienda kazini jioni, mimi naingia kulala kwake. Asubuhi anarudi, natoka. Shuka halikupata kupoa.

Mama mkwe, kwa shukrani ya mkwewe kusitiriwa, akaona haitoshi kumtumia yule bwana sahani ya wali. Jioni moja, jirani amekwisha kwenda kazini na mimi bado niko mjini, aliingia kumfagilia chumba. Alifagia mpaka chini ya kitanda.

Habari alimpelekea bintiye. Kesho yake mke wangu aliniita dirishani, mtoto yuko kwenye ziwa, uso wake umevimba usingizi.

"Mama kaona gunia."

"Gunia gani?"

"Wee! Gunia zima la mkaa umelificha chini ya kitanda cha watu. Mama kaumia."

"Mwambie huku mkaa hauingii ndani. Mwambie unaua watu."

"Mwambie mwenyewe. Jiko lako, mkaa wako."

"Ni mama yako!"

"Ndiyo mama yangu. Na nikimwambia ataniambia katuzaa saba juu ya moto na hakuna aliyekufa. Mimi sina nguvu za kubishana, mgongo wote unaniuma, baridi inaingia hapa kama tumelala barabarani. Kama wataka kunisaidia, ziba hili dirisha."

Dirisha lilikuwa na kioo kilichopasuka tangu Machi. Mwenye nyumba alikuwa amesema atakuja, na labda bado yuko njiani. Nilikasirika. Nilimkasirikia mwenye nyumba, mke wangu, mama mkwe na chetezo chake kilichovunjika, na nilikasirika hasa kwa kuwa kila mtu alikuwa akinituma mimi kwa mwenzake. Jirani naye, nilipomweleza asubuhi tukipishana mlangoni, alinitazama kama mtoto mjinga. "Mwambie tu," alisema. "Ile ni mama. Anasikiaka." Nikamjibu kwamba yeye si mtu wa pwani, hawezi kuelewa. Akapandisha mabega, akaenda kulala.

Siku ile nikamalizia jiko. Kwa ghadhabu niliyokuwa nayo nililifanyia kazi ambayo sikuwahi kuifanya. Nilipaka mafuta mara mbili. Niliingiza kitambaa kwenye mshono kwa ncha ya kisu. Nililipandisha juu ya matofali sita badala ya manne, nikalivisha nailoni mpya niliyoinunua mjini, nikaizungushia selotepu pana kila ungio, kisha kamba, na kwenye kamba nikapiga mafundo ambayo hata mimi ningehitaji kisu kuyafungua. Hilo lilikuwa ndilo kusudi. Nilijiambia kwamba bibi yule hatalifungua kwa mkono wake, na nikaona nimeshinda bila kumvunjia mtu heshima.

Nailoni ilibaki, karibu mita mbili, na selotepu robo tatu ya gurudumu. Nikakumbuka dirisha.

Nilikata nailoni mara mbili, nikaipiga nje ya dirisha na ndani yake, nikapitisha selotepu pande zote nne, nikiifuata kwa kidole gumba isibaki hata tundu la sindano. Chini ya mlango nikatengeneza kizuizi kwa mguu wa suruali kuukuu niliyoijaza vitambaa. Lile tundu la hewa la juu ya ukuta, lenye matundu madogo ya matofali, nalo nikaliziba kwa magazeti. Nilipomaliza chumba kilinyamaza. Kelele za magari zilikuwa kama zimehamia mtaa wa pili. Mama mkwe, aliyekuwa hajanisemesha siku mbili, alisimama katikati ya chumba, akainua mkono hewani kupima upepo, hakuna.

"Ama kweli," akasema. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ahsante, baba."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita baba. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Sasa ninapoandika natamani nimshike yule kijana shingo nimwingize kichwa kwenye karai. Mtu aliyeuogopa mkaa miaka mitatu alikuwa amesimama ndani ya chumba alichokiziba kwa mikono yake, anachekelea sifa.

Siku tatu zikapita. Msimu wa baridi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la jumla la mablanketi katikati ya mji, kazi ya kubeba na kupanga, na blanketi ndiyo biashara pekee inayoomba baridi izidi. Siku ya nne mzigo haukufika, tajiri akaturuhusu saa nane. Nikachukua blanketi moja zito la kitoto, lenye picha ya dubu, nikarudi nyumbani kwa miguu, jua limewaka na halina joto lolote.

Niliingia uani na kitu cha kwanza nilichokitazama ni jiko. Nailoni ilikuwa kama nilivyoiacha. Niliinama nikakagua mafundo, moja baada ya moja. Hakuna lililoguswa. Nikapitisha kiganja juu ya selotepu, sakitu imeganda juu yake na kuyeyuka na haijapenya. Nikajiambia, tazama kazi hiyo. Nikakaa juu ya ndoo, nikavua kiatu kimoja kilichokuwa kinanibana, nikakikung'uta. Nilikaa pale sijui dakika ngapi. Nimejaribu kuzihesabu usiku mwingi tangu siku ile, na zinaongezeka kila ninapozihesabu.

Nilipoinuka ndipo nikaona kando ya bomba alama ya duara iliyoungua kwenye saruji, na vumbi jeusi limetiririka kutoka pale mpaka mlangoni kwetu. Na karai langu la kuoshea wavu halikuwapo mahali pake.

Nilipiga bega mlango. Ndani kulikuwa na joto zuri. Ndiyo, zuri, siwezi kusema uongo. Joto la nyumbani, lenye harufu ya udi, wala hapakuwa na uzi wa moshi. Karai lilikuwa kando ya kitanda limejaa makaa mekundu. Alikuwa ameyawasha nje kama inavyotakiwa, akayasubiri yaive mpaka moshi uishe wote, ndipo akayaingiza. Alifanya kila kitu sawasawa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kidevu kifuani, na mkono mmoja bado umeshika upepeo. Mke wangu alikuwa amelala ubavu, ametapika kwenye mto. Alifumbua macho, akaniona, akasema neno ambalo halikuwa neno.

Mtoto alikuwa kati yake na ukuta, amefungwa kwenye kanga, kimya.

Nilianza na mtoto. Nilimtoa nje nikamlaza juu ya lile blanketi la dubu, pale pale chini kando ya jiko, nikapiga kelele kwa lugha zote nilizonazo. Jirani alitoka na fulana ya ndani na macho mekundu ya usingizi, akaona mlango wazi, hakuuliza. Alimbeba mke wangu mikononi. Mimi nilimvuta mama mkwe kwa makwapa. Mkwe ambaye sikuwahi hata kumshika mkono nilimburura sakafuni, kanga imemtoka, nywele zake nyeupe ziko wazi kwenye jua. Kisha nikarudi na kulichana dirisha. Selotepu ilikataa. Niliivuta kwa kucha, nikaivuta kwa meno, ilikuwa imeshika kama nilivyotaka ishike, mpaka jirani alipoivunja pamoja na kioo kwa lile karai, makaa yake akiwa amekwisha kuyamwaga uani.

Mtoto alilia. Kwanza alitoa kikohozi kidogo, halafu akanyamaza muda ambao sitaki kuukumbuka, halafu akalia. Nimesikia adhana, nimesikia ngoma za harusi, na sijasikia sauti iliyonipendeza kama ile ya kitoto kilichokasirika.

Mwenye spaza, lile duka dogo la mkabala, alitupakia wote kwenye gari lake. Hospitalini waliwavisha vinyago vya hewa, mtoto kidude kidogo kama cha mwanasesere, na muuguzi mmoja akaniambia kwamba kila baridi wanaletewa watu wa mkaa, na wengi huletwa asubuhi, wamekwisha chelewa. Aliniuliza kama kule tulikokaa hakuna mtu aliyewahi kutuonya. Nikajifanya sielewi Kiingereza.

Kesho yake mama mkwe alikuwa wa kwanza kuinuka. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, amejitanda kanga sawasawa, uso umesinyaa. Nikaketi ncha ya pili ya benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakohoa. "Yule Mkongo alikuja asubuhi kututazama. Kanambia mkaa huku waua."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ulikuwa wajua?"

Hapo ndipo ningeweza kusema "ndiyo, mama" ya kukwepa. Nikasema, "Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akaitazama mikono yake. Kucha zilikuwa bado na weusi wa mkaa.

"Basi mie nilidhani ni choyo," akasema. "Gunia limefichwa, jiko limefungwa minyororo. Nikasema, mkwe wangu ana choyo cha mkaa, nimsitiri, ni kilema chake. Nikachota vipande kidogo tu, usije ukaona limepungua. Na jiko lako sikuligusa. Niliona ulivyolihangaikia."

Nilitaka kumwambia habari ya adabu, na malezi, na jinsi mkwe asivyoambiwa. Kilichonitoka ni, "Nilikuonea haya, mama."

Aligeuka akanitazama usoni, sawasawa, kama mkwe asivyomtazama mkwewe.

"Haya zako nusura zinizike na mjukuu wangu," akasema. Kisha akavuta kanga, akauliza kama mtoto kapata kunyonya.

Alikaa mpaka arobaini ikaisha, akamkanda binti yake kwa maji ya moto peke yake, dirisha lina kioo kipya nilichokiweka mwenyewe na pembe yake moja tuliiacha wazi. Hatukulizungumza tena. Alirudi Tanga na vile vipande vitatu vya chetezo, akisema kuna fundi atakayevigandisha.

Septemba ilipoingia nilikata kamba kwa kisu na kulivua jiko nailoni. Ndani lilikuwa linang'aa. Hapakuwa na doa la kutu, hata kwenye mshono, hata kwenye matundu ya nati. Fundi wa kuchomelea alipita siku hiyo, akainama, akapitisha kidole kwenye tumbo la chuma, akaapa kwamba hajapata kuona jiko lililohifadhiwa namna ile. Nikamwambia anyamaze. Akadhani natania, akarudia.

Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akalitazama jiko, akatazama fremu ya dirisha, ambako vipande vya selotepu vilikuwa bado vimeng'ang'ania mbao. "Limetoka jipya," akasema, na hakuwa na ubaya wowote.

Nilikwenda kuchukua nati. Nilifunga miguu ya jiko, nikalisogeza katikati ya uani, mbali na kila ukuta, nikawasha mkaa. Na kila aliyepita nilimsimamisha. Nilimsimamisha yule mama wa chumba cha nyuma aliyekuwa akienda bombani, nikamsimamisha mpangaji mpya Mrundi ambaye hata jina langu hakulijua, nikamsimamisha mwenye nyumba aliyekuja, hatimaye, kutazama kioo. Nikawaambia wote, kwa Kiswahili na Kiingereza na Kizulu changu kibovu, kwamba kitu hiki hakiingii ndani, hata kimeiva, hata hakina moshi, kinaua. Niliwaambia wazi, kwa sauti, nikiwatazama machoni. Walinitazama kama mgonjwa. Ilikuwa saa sita mchana, jua linachoma utosi, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale uani aliyekuwa anasikia baridi.